Programu ikikataa kufunguka baada ya masasisho, tusikimbilie kufomati kompyuta

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kwa miaka kadhaa nimeliona likijirudia mezani pangu, na ambalo mwezi uliopita lilimfika jirani yangu kwa namna iliyoniumiza sana. Ninaendesha saiba ndogo hapa Umoja, Nairobi. Watu huja kwangu kupiga chapa barua, kujaza fomu za eCitizen na kuwasilisha ripoti za kodi kwenye iTax, na mara kwa mara huniletea laptopu zao wakiwa na malalamiko yaleyale: "Ilijisasisha usiku, asubuhi programu haifunguki." Kompyuta yenyewe haijaanguka wala kuingia maji. Ni programu moja tu kati ya zile zinazokuja pamoja na Windows, iwe ya kutazamia picha, kikokotoo, duka la programu au ile ya vijikaratasi vya manjano, ambayo ukiibofya dirisha lake humeta mara moja na kupotea, au halitokei kabisa.

Jirani yangu ni muuguzi mstaafu. Laptopu yake ni ya mtumba, zile tunazoziita ex-UK, na betri yake ilikufa zamani, kwa hivyo haifanyi kazi bila kuchomekwa kwenye umeme. Usiku mmoja umeme ulipotea mtaani kompyuta ikiwa katikati ya kusakinisha masasisho, yaani marekebisho mapya ya Windows. Ilipowashwa asubuhi ilirudi vizuri, kwenye skrini kila kitu kikaonekana mahali pake, ila programu ya picha ikawa haifunguki. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimesafiri, na mama wa watu kwa haraka ya kutaka kuona picha za marehemu mumewe siku ya kumbukumbu yake, aliipeleka kwa fundi mmoja katikati ya mji. Alilipa shilingi 1,500 na jioni akarudishiwa kompyuta ikiwa safi kama mpya. Programu ya picha ilifunguka mara moja. Ndani yake hamkuwa na picha hata moja.

Aliponijia na ile laptopu mikononi aliniuliza, "Mwanangu, zimeenda wapi?" Nilimpigia fundi simu nikiwa naye, na jibu nililolipata sijalisahau: "Si aliniambia picha hazifunguki? Nimefomati, sasa zitafunguka." Kufomati ni kufuta kila kitu kilichomo kwenye diski na kuweka Windows upya. Sidhani kijana yule alikuwa na nia mbaya. Alitatua lile aliloambiwa, lakini hakuuliza swali moja ambalo lingechukua nusu dakika, nalo ni kama picha zenyewe zilikuwa zimenakiliwa mahali pengine. Nilijaribu kuzirejesha kwa siku mbili. Laptopu ile ilikuwa na diski ya SSD, na diski za aina hiyo zikishafomatiwa huelekezwa na Windows kufuta kabisa nafasi zilizoachwa wazi, kwa hivyo kurejesha kitu ni karibu muhali, tofauti na zile diski kuu za zamani zinazozunguka, ambazo mara nyingi hubakisha mabaki. Tulichopata hatimaye ni picha chache alizokuwa amemtumia binti yake kwa WhatsApp.

Ninaandika, Mhariri, kwa sababu msiba huo ungeweza kuzuilika kwa kuelewa jambo moja, na jambo hilo halihitaji mtu awe amesomea kompyuta. Programu ya picha si picha. Programu ni miwani na picha ni kitabu. Miwani ikivunjika hakuna anayechoma kitabu. Picha za jirani yangu zilikuwa salama katika folda yake ya Pictures asubuhi ile yote, na angeweza kuzitazama bila programu ile iliyoharibika. Mtu akifungua folda hiyo, akaburuta picha moja kwa kipanya hadi kwenye dirisha la kivinjari anachotumia kuingilia intaneti, picha itafunguka humo. Au abofye kulia juu ya picha na kuchagua ifunguliwe kwa Paint. Hilo ndilo jaribio la kwanza ninalolifanya mteja akinijia na malalamiko hayo, kwa sababu humtoa hofu, na mtu asiye na hofu hakubali haraka kufomatiwa kompyuta yake.

Ni vyema pia wasomaji wajue kwa nini hitilafu hii huzuka baada ya masasisho, maana wengi hudhani ni virusi. Microsoft hutoa masasisho ya usalama ya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za magharibi mwa Marekani, ambayo huku kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku kulingana na msimu wao. Ndiyo sababu wateja wangu husema "ilijisasisha usiku", na ndiyo sababu Jumatano inayofuata mimi huwa na shughuli nyingi kuliko siku nyingine. Lakini programu nyingi ndogo zinazokuja na Windows hazipitii mlango huo. Hizo husasishwa kupitia duka la programu, yaani Microsoft Store, kwa wakati wake tofauti. Windows ikitangulia mbele na programu ikabaki nyuma, au programu ikakatizwa katikati ya kusasishwa, ndipo tunapoona dirisha likimeta na kupotea.

Kwa sisi tunaotumia intaneti ya bando za simu kuna sababu nyingine ambayo sijaona mafundi wakiitaja. Watu wengi, ili kuokoa bando, huiwekea hotspoti ya simu alama kwamba ni mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Ni busara, nami huwashauri hivyo. Lakini kompyuta ikiwa kwenye mtandao wenye alama hiyo, duka halisasishi programu lenyewe. Mwenye kompyuta anaweza kwenda ofisini au kwa rafiki mwenye Wi-Fi, Windows ikashusha mzigo wake mkubwa, kisha akarudi nyumbani kwenye hotspoti kabla programu hazijapata zamu yao. Kwa mtu wa namna hiyo tiba ni kuunganisha kompyuta kwenye mtandao usio na alama hiyo, kufungua duka, kuingia sehemu ya maktaba au ya Downloads, kulingana na toleo la duka, na kubofya kitufe cha kutafuta masasisho. Nimewatibu wengi kwa njia hiyo pekee.

Zaidi ya hayo, programu hizi hutiwa sahihi ya kidijitali yenye tarehe, na tarehe ikivurugika zinaweza kukataliwa. Tarehe 31 Oktoba 2021, wiki chache tu baada ya Windows 11 kutolewa, cheti kimoja cha kidijitali cha Microsoft kiliisha muda, na baadhi ya watumiaji wakaamka wakakuta programu ya kukata picha za skrini haifunguki, pamoja na kibodi ya mguso na ubao wa emoji. Hapakuwa na ubovu wowote katika kompyuta zao. Dawa ilikuja kwa sasisho, na mtu aliyefomati siku zile angeikuta hitilafu ileile ikimsubiri mpaka sasisho hilo lishuke. Huku kwetu tarehe huvurugika kwa sababu nyingine ya kawaida kabisa: kompyuta za mtumba zimezeeka, na ile betri ndogo ya duara kama sarafu, iliyo kwenye ubao mkuu ili kutunza saa, imekwisha. Kila umeme unapopotea kompyuta hurudi miaka nyuma. Kabla ya kugusa kitu kingine, tazama saa iliyo pembeni ya skrini. Ikiwa inaonyesha mwaka ambao umeshapita, duka halitaunganika na intaneti, na kazi yako ni kurekebisha tarehe, kisha kununua betri, ambayo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na malipo ya kufomati.

Kuna pia programu ambazo hazijaugua ila zimestaafishwa. Programu za zamani za barua pepe na kalenda zilizokuja na Windows ziliachwa na Microsoft tarehe 31 Desemba 2024, mahali pake pakachukuliwa na Outlook mpya. WordPad nayo, ambayo wazee wengi wa mtaa huu walikuwa wakiandikia mihtasari ya mikutano ya chama, iliondolewa katika toleo la Windows 11 la mwaka 2024 liitwalo 24H2. Aliyesasisha akaikosa asiambiwe kwamba kompyuta yake imeharibika. Hati zake zipo, na zitafunguka kwa programu nyingine ya kuandikia.

Sasa niseme ninavyofanya mimi, kwa utaratibu wa kutoka jepesi kwenda zito, kwa sababu utaratibu ndio uliokosekana katika kisa cha jirani yangu.

Kwanza ninaiwasha kompyuta upya kwa kuchagua Restart, si kwa kuizima na kuiwasha. Wengi hudhani ni kitu kimoja. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta inayozimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu ya kumbukumbu ya mfumo kwenye diski ili iwake haraka kesho yake, kwa hivyo kosa lililokuwepo jana linaweza kulala nayo na kuamka nayo. Restart ndiyo inayoanza mfumo kutoka mwanzo na kumalizia masasisho yaliyobaki njiani. Mtu anayefunga tu kifuniko cha laptopu kila jioni anaweza kukaa wiki tatu bila kuwa ameianzisha upya hata mara moja, ilhali anaapa kwamba huizima kila siku.

Ikiwa haikusaidia, na saa iko sawa, na duka halina masasisho yanayosubiri, ninaingia katika mipangilio, sehemu ya programu zilizosakinishwa, ninaitafuta programu husika na kufungua ukurasa wake wa Advanced options. Humo mna kitufe cha Terminate, ambacho huizima programu iliyokwama nyuma ya pazia, kisha kuna Repair na Reset. Vitufe hivi viwili hukaa pamoja na watu huvichanganya, kwa hivyo nitakawia hapa kidogo. Repair hukarabati programu bila kugusa data yake. Reset huirudisha programu ilivyokuwa siku ya kwanza, na data yake yote hufutwa. Kwa kikokotoo, Reset haina hasara ya maana. Kwa programu ya picha, picha zako hubaki kwenye folda zake. Lakini kwa programu ya vijikaratasi vya manjano, iitwayo Sticky Notes, maandishi yako hukaa ndani ya programu yenyewe, na kama hujaingia kwa akaunti ya Microsoft ili yanakiliwe mtandaoni, Reset itayafuta.

Nalijua hili kwa sababu ya mwenye bucha mmoja wa hapa karibu, ambaye madeni ya wateja wake wote ameyaandika kwenye vijikaratasi hivyo: nani alichukua kilo mbili za nyama, nani mifupa ya supu, nani alilipa nusu kwa M-Pesa. Programu ilipokataa kufunguka baada ya masasisho alikuja akiwa bado amevaa koti lake jeupe, akaniambia, "Ndugu yangu, hapo ndipo daftari langu lilipo, sina lingine." Nilijaribu Repair, haikufaulu. Kabla ya kugusa Reset niliingia katika folda iliyofichwa iitwayo AppData, nikaenda ndani ya Local, kisha Packages, nikaitafuta folda ya Sticky Notes na ndani yake nikakuta faili lenye jina plum.sqlite. Hilo ndilo daftari lake. Nililinakili kwenye flashi, nikalinakili tena kwenye kompyuta yangu, ndipo nikabofya Reset. Programu ikafunguka ikiwa tupu, na nikaona jinsi alivyokunja uso. Nikaifunga, nikarudisha lile faili mahali pake, nikafungua tena, na majina yakajipanga kwenye skrini mmoja mmoja. Alikaa akayasoma yote kabla ya kusimama. Kabla hajaondoka nilimfungulia akaunti ili maandishi yake yanakiliwe mtandaoni.

Hatua zinazofuata hazihitajiki mara nyingi, nami nitazipitia haraka. Duka lenyewe likikataa, kuandika wsreset katika kisanduku cha kutafutia na kubonyeza Enter husafisha akiba yake ya muda. Kuunda akaunti nyingine ya mtumiaji katika kompyuta hiyohiyo hutuonyesha ubovu uko wapi: programu ikifunguka huko, basi Windows ni nzima na tatizo liko katika akaunti ya kwanza. Mafaili ya mfumo yakiwa yameharibika, kama inavyowezekana umeme ukipotea katikati ya sasisho, kuna amri mbili ambazo fundi anapaswa kuzijua kama anavyolijua jina lake, zinazoandikwa katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo huhitaji intaneti kwa kuwa hushusha vipande safi, na baada yake sfc /scannow. Zinaweza kuchukua muda mrefu na kuonekana zimekwama kwenye asilimia moja kwa dakika nyingi. Ziache zimalize.

Hata tukifika mahali ambapo Windows yenyewe lazima iwekwe upya, bado hatujafika kwenye kufomati. Katika matoleo ya karibuni ya Windows 11, ukurasa wa Recovery katika mipangilio una kitufe cha kusakinisha upya Windows ileile kupitia Windows Update, huku mafaili, programu na mipangilio ya mwenyewe vikibaki. Sasisho likiwa lile kubwa la toleo zima, kuna siku 10 za kurudi kwenye toleo lililotangulia. Kufomati ni kwa kompyuta ambayo haya yote yamejaribiwa na kushindwa, na hata hapo ni baada ya kunakili kila kitu kwenye diski ya nje mbele ya macho ya mwenyewe.

Ninaelewa kwa nini mafundi wetu hukimbilia kufomati. Kazi hiyo ina mwisho unaojulikana, huchukua kama saa moja, na mteja huondoka na kompyuta inayowaka haraka, hata akadhani amepewa huduma bora. Kutafuta chanzo huhitaji utulivu, na nani atalipia utulivu wa fundi aliyekodi meza ya futi mbili kwa bei ya mji? Hata hivyo siwezi kukubali kwamba hilo ni udhuru wa kufuta kumbukumbu za mtu bila kumuuliza. Ningependa kila mwenye kompyuta, anapoiacha kwa fundi, aandike kwenye karatasi ya kuipokelea maneno haya kwa mkono wake mwenyewe: "Usifomati bila idhini yangu." Fundi akikataa kutia sahihi chini ya maneno hayo, ichukue kompyuta yako, uende kwingine.

Kwako wewe Mhariri nina ombi mahususi. Gazeti lako husomwa na watu ambao maelezo ya Kiingereza yanayotokea kwenye skrini huwapita, na wanaomtegemea fundi kwa kuwa hawana pengine pa kuuliza. Naomba utenge nusu safu mara moja kwa mwezi, Ijumaa inayofuata ile Jumanne ya pili, ieleze kwa Kiswahili masasisho ya mwezi huo yamegusa nini, programu gani zimeripotiwa kukataa kufunguka, na kitufe gani kibonyezwe kwanza. Mimi niko tayari kuandika zile za kwanza bila malipo, na nitaanza na tofauti ya Repair na Reset.

Wako mwaminifu,
Mwendesha saiba, Umoja, Nairobi